Usimwapishe Amal

Riadhi, Naseem
Jumatatu baada ya alfajiri

Dada yangu Mashavu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo, dada? Goti lako linasemaje? Shemeji Saif kikohozi kimemwacha? Watoto wazima? Na Amal wangu? Mie mwili mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala. Roho ndiyo haijakaa sawa, na hiyo ndiyo imenikalisha chini kuandika. Unajua mie si mtu wa kalamu. Baba alitufundisha herufi sote wawili, weye ukashika, mie nikakimbilia mpira. Vumilia mwandiko.

Soma peke yako. Ingia jikoni, funga mlango. Nimeandika kwenye karatasi mana meseji zako anakusomea Amal kwa udogo wa herufi za simu, na mtu akikupigia simu unaweka sauti nyumba nzima inasikia. Atakuletea Stephen, Mkenya, anaendesha lori la kuku wa barafu kuja Jidda. Akifika mtaani kwenu Ghulail atakupigia. Mpe chakula, usimwache aondoke na njaa.

Dada, yule mzee kwenye video ni mie.

Najua uliniuliza. Ulinipigia ukanambia kuna mzee anapita kwenye simu za watu Ghulail nzima, ana ndevu nyeupe, amevaa kizibao kinang'aa, mguu mmoja chini na mmoja kaunyoosha nyuma, anateleza kwenye barafu kama kibao cha mbuzi kwenye sakafu ya sabuni. Ukasema watu wanasema ni Ussi. Nikakujibu, wallahi sio mie, mie niko juu ya jengo nabeba saruji, barafu ntaiona wapi? Niliapa, dada. Weye ukashukuru Mungu kwa sauti. Nikakata simu.

Nilidhani yataishia hapo. Halafu nikasikia umemkabili Bi Safa kwenye arusi ya watu. Nimeambiwa ulimwambia kama macho yake mabovu akayatibu, ndugu yako hana wazimu wa kuvaa kizibao cha mpiga ngoma wa kukodi na kucheza mbele za watu huku mkewe hata udongo haujakauka. Na yeye akakujibu kuwa ndevu watu wanafanana, lakini miguu ile ya upinde ni ya ukoo wenu mzima, aikatae nani. Nimeambiwa watu walicheka mpaka sahani zikawekwa chini. Kweli ilikuwa kwa Bi Safa. Nimekuacha usimame na uongo wangu mbele za watu.

Na hilo si baya khasa. Baya ni Amal.

Amal alinipigia mwenyewe. Akanambia wasichana wa chuo cha Kurani wanamwita mtoto wa pengwini. Akienda, wanamfuata nyuma wanatembea kwa kutupa miguu. Akanambia, baba usijali, nimewanyamazisha. Nimesimama mbele ya mwalimu wetu ustadhati nikaapa wallahi billahi tallahi yule sio baba yangu, baba yangu hasemi uongo. Alikuwa na furaha. Alitaka nimsifu.

Nikamwambia vizuri, mwanangu.

Ndivyo nilivyosema. Vizuri, mwanangu. Tangu siku hiyo nikila chakula nayakumbuka maneno hayo.

Na juzijuzi ukanipigia weye. Ukasema Ijumaa hii ni hitma ya marehemu mke wangu Zeinab, wanawake wote watakuwepo, na Bi Safa atakuwepo. Ukasema dua ikisha utautoa Msahafu, Amal ataweka mkono juu, aape mbele ya wote, na midomo ifungwe moja kwa moja. Ukaniuliza unaonaje. Nikasema mtandao unakatika.

Usimwapishe, dada. Hiyo ndiyo barua. Mengine yote nakueleza ili ujue kwa nini.

Nianze na nilivyoondoka Jidda. Unajua Zeinab alivyokwenda. Figo. Daktari alikataza maji, kasema vijiko tu. Weye ulikuwepo, kikombe ulikiondoa weye mwenyewe ukakiweka juu ya kabati. Usiku wote ule akawa anasema, Ussi, nipe maji. Sikumpa. Nilifanya alivyosema daktari. Najua. Kila mtu kanambia. Lakini sauti haimjui daktari. Baada ya kuzika nikawa naisikia barabarani, naisikia nikitawadha, naisikia hata kwenye sijda. Ussi, nipe maji. Nyumba ile ya Ghulail sikuiweza. Ndio nikakuachia mtoto, nikamwambia kafili anayenidhamini, nitafutie kazi mbali. Akanileta Riadhi, kwenye majengo.

Kwenye majengo sikukaa. Nilikudanganya hapo pia. Walinitoa. Kwa nini walinitoa ntakwambia chini, bado sijapata nguvu ya kuandika.

Wakanipeleka kufanya usafi. Ni ukumbi ndani ya maduka makubwa. Nje jua linakaanga watu, ndani watu wamevaa makoti. Sakafu nzima barafu. Watu wanavaa viatu vyenye kisu chini, wanateleza, wanazunguka, wanaruka. Kazi yangu kupokea viatu watu wakivivua, kuvipangusa, kuvipulizia dawa ya harufu. Kupiga deki. Kuna gari inayopita kulainisha barafu, ikishapita mie nakokota theluji iliyobaki pembeni kwa koleo. Baridi imo mifupani. Kuna muziki siku nzima. Niliona haya kukwambia nafanya kazi penye muziki wakati nna msiba. Ndio mana nikabaki na uongo wa saruji.

Siku moja asubuhi, kabla hawajafungua, nikaona glavu ya mtoto katikati ya barafu. Nikaingia na mabuti yangu kuichukua. Miguu ikaenda mbele, mie nikabaki nyuma. Nikaanguka chali, puu. Nikalala pale naangalia taa.

Dada, kichwa kilikuwa kimya.

Tangu Zeinab kufa kichwa hakijanyamaza hata mara moja. Pale kikanyamaza. Na hapo hapo nikaona haya. Kwenye sijda hakinyamazi, kwenye barafu kinanyamaza? Mtu gani mie?

Akaja mwalimu wa pale. Laban, Mkenya, kijana wa Nairobi. Alijifunza kwao, hotelini, akiwa anapanga viatu kama mie. Kiswahili chake cha kukatakata lakini mtu mzuri. Hakuniuliza kama nimeumia. Alisema mzee, umeanguka kama gunia la waru, la viazi, hata kuanguka kunafunzwa, kuja nikuonyeshe. Nikamwambia mie mtu mzima, na mfiwa. Akasema sawa, pole sana, lakini barafu haijui nani amefiwa, itakuangusha tu, heri uangushwe ukijua.

Ana darasa la watu wazima, asubuhi, watoto hawajaja. Akanambia nikimaliza koleo langu niingie.

Sikuingia. Nilikaa siku nyingi naangalia tu. Halafu nikaingia.

Sikufichi, ilikuwa aibu. Laban alinishika mikono miwili akawa ananivuta huku yeye anarudi nyuma, mie nimejikunja kama biarusi anapelekwa kwa mume. Wenzangu wa usafi walikuwa nje ya ukuta wanapiga makofi. Wananiita biarusi. Yalla biarusi, twende. Laban anapiga kelele kunja magoti, mzee, kunja, hiyo si sala ya maiti, usisimame wima. Nikianguka ananambia funga ngumi, vidole visikatwe, angukia paja, sio mgongo. Halafu inuka. Goti, mguu, sukuma. Inuka.

Nilianguka sana. Nikajua nnachoangukia. Nikimuwaza Zeinab tu, naanguka. Nikiwaza kwa nini sikumpa maji, naanguka. Mguu unataka akili yote. Kisu kina makali mawili, ukiegemea ndani unakwenda huku, ukiegemea nje unakwenda kule, na huwezi kuegemea na huku akili imo hospitali. Mwili wenyewe unakurudisha. Kwa hiyo asubuhi nzima mie niko pale, kwenye mguu wangu, sipo kwengine.

Alikuwepo mwanafunzi mwengine, Yazid. Msaudi, mwalimu wa hesabu, umri wangu. Alikuwa na khofu. Hawezi kupanda lifti, hawezi kusali safu ya kati, moyo unamwenda mbio bila sababu, mikono inamtetema mbele ya wanafunzi. Nilidhani matajiri hawana hayo. Alinieleza daktari wake wa akili ndiye kamtuma. Daktari kamwambia mtu mzima akikaa bila kujifunza jipya, khofu inapata pa kukaa, inatandika godoro. Kamwambia atafute kitu kigumu cha mwili, ambacho hakijui kabisa, aanze kama mtoto, aanguke mbele za watu aone kuwa hafi. Sasa anapanda lifti. Mie sina daktari, nilisikiliza ya kwake.

Na mie nikaona. Kwanza usingizi ulirudi. Halafu chakula.  Laban alinifundisha kuchora nane kwa mguu mmoja. Barafu ikiwa mpya, haijaguswa, unaona mstari wako. Mwanzo nane yangu ilikuwa kama bilingani. Sasa ni nane. Mie ambaye jina langu mwenyewe naliandika kwa shida. Siku ilipokaa sawa nilisali dhuha nikamwombea Zeinab dua ndefu mpaka mwisho.

Sauti haijaondoka, nisikudanganye tena. Bado ananambia Ussi, nipe maji. Lakini nikitoka barafuni naisikia kama sauti ya mke wangu. Zamani nilikuwa naisikia kama ya hakimu.

Sasa video. Laban alitaka kuwaonyesha watu kuwa wazee wanaweza, ili darasa lipate watu. Akatuvalisha vizibao. Nilikataa. Yazid akasema akivaa yeye, mwalimu, wanafunzi wake watamwona, basi mie nnaogopa nini? Nikavaa. Muziki ukapigwa. Nikapita ukumbi mzima kwa mguu mmoja, mikono nimeitanua, mguu nyuma. Masikio yananiwaka kwa haya. Watu wameshika simu.

Na ntakwambia kweli, mana nimechoka na uongo. Nilifurahi. Ukiiangalia video vizuri, nacheka. Hicho ndicho kinachowauma watu wa Ghulail, kuwa mfiwa anacheka. Hawakusema uongo. Nilikuwa nacheka.

Haya. Sasa lile la majengo.

Nimeliacha mwisho nikitumai karatasi itakwisha. Haikwisha.

Kule kwenye jengo nilikuwa nafanya kazi juu, ghorofa za mwisho. Siku moja wenzangu walishuka kusali adhuhuri. Mie sikushuka. Nilifungua mkanda wa kunishikilia nikauweka chini, nikaenda mpaka ukingoni. Sikuwa naangalia mji, dada. Nilikuwa nataka kunyamazisha sauti. Nilikuwa sijamuwaza Mungu, sijakuwaza weye, sijamuwaza Amal. Hilo la mwisho ndilo linalonitia haya kuliko yote. Mtoto wangu hakunijia kichwani.

Msimamizi alirudi kuchukua simu yake. Alinivuta kwa ukosi wa shati, tukaanguka wote wawili.  Akasema halas, basi, wewe hupandi tena. Hakuripoti, Mungu amlipe. Alimwambia kafili kuwa nna kizunguzungu, anitafutie kazi ya chini. Ndio nikapelekwa kwenye barafu.

Kwa hiyo nilipoanguka pale nikifuata glavu ya mtoto, ndio ilikuwa mara ya kwanza sauti kunyamaza bila mie kutaka kufa. Umefahamu sasa? Watu wanaona mzee anacheza. Mie nilikuwa nashikilia.

Sikumwambia mtu. Wa kwanza kumwambia alikuwa Yazid, tumekaa benchi tunavaa viatu. Nilimwambia kwa Kiarabu, mana kwa Kiswahili yasingetoka.  Akainama akanifunga kamba za viatu. Mwalimu, Msaudi, anamfunga kamba mfagiaji. Nikamwambia acha, aibu. Akasema nyamaza, unafunga legelege, utavunjika mguu.

Wa pili ni weye.

Nilikwenda kwa imamu wa msikiti wetu hapa Naseem. Sikumwambia ya jengo, nilimwuliza ya kiapo. Akanambia mtoto aliyeapa akiamini ni kweli hana dhambi, dhambi ni ya aliyejua akamwacha. Akanambia na mie niliyeapa kwa uongo nina toba na kafara. Kulisha maskini kumi siwezi, kwa hiyo nimefunga siku tatu. Jana ndiyo ya mwisho. Nikafunga na asubuhi nikaingia barafuni na midomo mikavu. Laban akasema mzee, utazimia. Sikuzimia.

Lakini imamu alisema neno jengine. Alisema sasa ushajua, mtoto akiapa tena na wewe umenyamaza, umemshika mkono wewe ukauweka juu ya Msahafu. Ndio nikanunua karatasi.

Dada, najua utakasirika. Kasirika. Umegombana na watu kwa ajili yangu, na Bi Safa alikuwa na haki. Utalazimika kumwangalia usoni. Naona haya kwa hilo. Naona haya pia kwa sababu najua ungenisikiliza tangu mwanzo, ungenitukana kisha ungeniwekea chai. Sikukupa nafasi. Nilikuogopa kuliko nilivyoliogopa jengo.

Na kuna hili, usije ukasema sikukwambia. Sitaacha kuteleza. Ukinambia niache nitasikitika lakini sitaacha. Laban kasema Jidda pia kuna kiwanja cha barafu, upande wa Nuzha, na anamjua mwalimu wa pale. Kafili akikubali, nataka nirudi Jidda niwe karibu na mtoto. Nitafagia huko. Kama shemeji Saif ataona haya kukaa na mimi barazani, nitakaa ndani. Mwambie sitavaa kizibao mtaani.

Nimepata ruhusa. Naja na basi, ntafika Alkhamisi, siku moja kabla ya hitma. La jengo usimwambie Amal. Bado mdogo. Siku yake itakuja na ntamwambia mwenyewe. La video nalo usimwambie. Alkhamisi akitoka chuoni ntamkuta njiani, kabla hajafika kwa wenzake wala kwako, nimwambie baba yako ndiye pengwini, na baba yako amesema uongo. Asije akaisikia kwa mtu. Akinipa mgongo, usimgombeze. Akikaa siku bila kusema na mimi, mwache. Ana haki.

Na Ijumaa, dua ikisha, Bi Safa akianza, usimjibu. Mwache aseme. Ntakuwa upande wa wanaume na mlango uko wazi. Ntasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: macho yako mazima, Bi Safa, na miguu ni yetu. Wacheke. Nimeshaanguka mbele ya watu wengi. Msahafu uache juu ya rafu yake. Kama kuna mtu lazima aape siku hiyo, basi ntaapa mie, na ntaapa kuwa ni mie.

Haya dada, mkono umechoka na Stephen anapiga honi. Msalimie shemeji Saif, umwambie anywe tangawizi. Wasalimie watoto wote mmoja mmoja. Zeinab msomee Yasini kabla sijafika. Amal usimpe salamu zangu. Nakuja nazo mwenyewe.

Ni mie nduguyo,
Ussi